Jelikoti iliyogoma kukauka: nilivyoziba boti yangu ya faiba

Siku ya tatu tangu nipake jelikoti, ile ngozi ngumu ya nje ya boti, asubuhi nikateremka pwani, nikagusa ubavu wa boti kwa kidole, bado inanata. Siku tatu bana, Februari, jua la Dar ambalo dagaa wanakauka kwa mchana mmoja, na ile jelikoti inanata kama ubuyu. Mchanga umeshika, mbu wamenasa, na kuna alama kamili ya kiganja cha mtoto, maana watoto wa Kunduchi hawawezi kuona kitu kipya wasikiguse. Kuna mzee mmoja fundi wa ngalawa huwa anachongea pale chini ya mti wa mkungu, akaja na tezo yake mkononi, akainama, akatazama weee, akasema, "Mwanangu, chombo chako kinatoka jasho."

Nikamwambia "Shikamoo mzee wangu," maana sikua na jibu lingine.

Kwanini ilinata ntafika huko, ila ngoja nianze mwanzo maana kosa la jelikoti lilikua dogo, yale makubwa niliyafanya kabla na yalinigharimu zaidi.

Boti yenyewe ni faiba ya futi 16, nyeupe na mkanda wa bluu, mashine Yamaha ya nguvu farasi 15, tunaiita Tutafika. Katikati ya wiki binamu yangu anaenda nayo kuvua, jumamosi na jumapili tunapeleka watu kisiwa cha Mbudya wakaogelee na kula samaki. Mwaka jana mwezi wa nane, kusi imeshika kwelikweli, tulikua upande wa miamba wa kisiwa, nanga ikaburura hatuna habari, tunakuja kushtuka boti imekalia mwamba. Na mwamba wa kule sio jiwe tu, una chaza, na kila chaza ni wembe. Wimbi linainyanyua boti linaiachia, linainyanyua linaiachia, mara kama sita hivi kabla hatujaruka majini kuisukuma. Ile sauti ya faiba juu ya chaza nikiikumbuka mpaka leo meno yanaingia ganzi.

Tulipofika nyumbani tukaita vijana tukaipindua. Kulikua na majeraha ya aina tatu ila mimi wakati ule nikayaona yote kitu kimoja, boti imeharibika bas. Ubavuni mikwaruzo mirefu, mingine ukipitisha ukucha unakwama kidogo tu, mingine unaingia. Mbele pale tunapofungia kamba nyufa nyembamba nyembamba zimesambaa kama utando wa buibui. Na chini, karibu na mkuku (uti wa chini wa boti) upande wa kushoto, ufa wa urefu wa kiganja, pembeni yake kipande kimemeguka na nyuzi za faiba zinaonekana, nyeupe, zimesimama kama manyoya ya paka aliyelowa.

Sasa hapa ndo ilitakiwa nijue boti ya faiba inaundwaje. Inaundwa kinyumenyume. Mafundi wanaanza na moldi, ndani ya moldi wanapaka jelikoti kwanza, ndo ile ngozi ya nje yenye rangi na mng'ao, unene wake kama nusu milimita tu, alafu juu yake ndo wanalaza mati (shuka la nyuzi za faiba) na resini (gundi ya maji inayoganda ikaiva), mati na resini, mpaka wapate unene wanaotaka. Wakitoa kwenye moldi, kilichowekwa kwanza ndo kinakua nje. Kwahiyo jelikoti haina nguvu yoyote ya kubeba boti, kazi yake kuzuia maji na jua visile kilicho ndani. Nguvu ziko kwenye nyuzi. Ukiona mkwaruzo umeishia kwenye rangi, hilo ni tatizo la sura. Ukiona nyuzi, hilo ni tatizo la mfupa, na mfupa hauzibwi kwa poda.

Mimi nikauziba kwa poda. Nilimpata jamaa anatengeneza bampa za magari, mtu mzuri tu na kwenye magari anajua kazi yake, akaja na kopo la puti, akafuta pale kwa kitambaa chenye petroli, akapiga msasa kidogo juujuu, akapachika puti, akalainisha, akapulizia rangi nyeupe. Nusu siku, elfu 80, boti inang'aa. Nilifurahi mpaka nikampa na hela ya soda. Wiki ya tano binamu yangu akapiga simu yuko baharini anasema ngama, yale maji yanayoingia botini, imekua nyingi anaitoa haiishi, kurudi tunakuta puti yote imebanduka kipande kizima kama ukoko wa wali, umbo kamili la ufa umebaki nyuma yake.

Simlaumu sana kiukweli. Puti ya magari ina poda ndani inayonyonya maji, haina nyuzi, na ilikua imekaa juu ya chumvi, unyevu na mafuta ya petroli. Ingeshikaje? Lakini kilichoniuma ni kwamba ule mwezi na kitu maji yalikua yanapenya taratibu kwenye faiba yenyewe, kwahiyo kidonda kiliongezeka wakati mimi naona kimepona.

Hapo nikaamua ntafanya mwenyewe. Nikawauliza vijana wanaoziba boti za watalii, nikakaa kwa fundi mmoja wa matangi ya faiba siku mbili namwangalia tu, nikaanza.

Kitu cha kwanza ni kupata siku. Pwani haikupi siku bure. Boti ikikaa pale chini maji yanakuja mara mbili kwa siku, na huwezi kukausha faiba inayoloweshwa kila baada ya masaa. Nikasubiri bamvua, maji yamejaa mwisho kabisa, tukaielea mpaka juu karibu na mizizi ya minazi, maji yakatoka yakaiacha pale. Toka hapo maji yanazidi kupungua kila siku mpaka yanakua mafu, na bamvua nyingine ni wiki mbili mbele, kwahiyo nikawa na kama siku 12 ambazo bahari hainifikii. Wazee wa vyombo vya mbao wanafanya hivyohivyo wakitaka kukalafati (kuziba mianya ya mbao) au kupaka shahamu, hakuna jipya hapo.

Siku ya kwanza sikugusa hata msasa. Nilichukua sarafu ya shilingi 200 nikawa nagonga boti yote, gonga sogea gonga sogea. Faiba nzima inalia tak tak tak, sauti kavu. Ukifika mahali tabaka zimeachana ndani sauti inageuka, dup, kama unagonga papai bovu. Pale kwenye ufa ile dup ilienda mbali kuliko nilivyoona kwa macho, karibu kiganja kizima nje ya ufa. Nikachora mstari kwa penseli kuzunguka eneo lote lenye sauti mbovu. Watu walidhani nimechanganyikiwa, mtu mzima anapigia boti sarafu.

Alafu maji baridi yasiyo na chumvi, mengi, asubuhi na jioni siku mbili, nje na ndani. Chumvi ikibaki kwenye nyuzi inavuta unyevu milele na resini haiwezi kushika vizuri hapo. Baada ya kuosha ni jua. Kujua kama imekauka kuna mbinu nilifundishwa: unabandika kipande cha nailoni angavu juu ya pale mahali, unaziba kingo zote kwa gundi, unaacha juani masaa kadhaa, ukikuta ukungu wa matone kwa ndani ujue maji bado yapo. Yangu ilitoa ukungu siku tatu mfululizo. Siku tatu! Binamu yangu akawa ananiuliza kila jioni lini, lini, na mimi nikawa nahesabu bamvua kwenye vidole.

Ilipokauka nikafuta eneo lote kwa asetoni KABLA ya msasa. Hii order ina sababu. Boti inakua na nta, polishi, mafuta ya mashine, ukianza kusugua kabla ya kufuta unayasukuma yale mafuta yaingie kwenye mikwaruzo ya msasa na hayatoki tena. Kitambaa kimoja cha kupaka asetoni, kingine kikavu cha kufuta, na unageuza kitambaa kila mara, sio unazungusha uchafu uleule.

Kisha grenda, na hapa roho inauma kwelikweli. Una ufa wa kiganja, akili yako yote inataka uuzibe uwe mdogo, na kazi inakutaka uufanye mkubwa. Unaondoa faiba yote mbovu mpaka ufike penye uzima, alafu unachonga kingo ziwe mteremko mrefu mpole, sio ukuta. Kipimo nilichopewa ni mara 12 ya unene, boti yangu pale ina milimita 5 kwahiyo mteremko wa milimita 60 kila upande. Hesabu hiyo ukiifanya unakuta ufa wa kiganja umekua shimo la sahani ya pilau. Mzee wa ngalawa alipita akasimama akaniuliza kwa upole kabisa, "Unaiziba au unaitoboa?" Ila sababu ipo: kiraka kipya hakiyeyukiani na faiba ya zamani, kinaishika kwa gundi tu, na gundi inataka eneo. Mteremko mrefu unatoa eneo kubwa. Ukiacha kingo wima kiraka kinakua kizibo cha chupa, kitatoka siku moja kama kile cha puti.

Nikiambiwa nitaje kitu kimoja kwenye kazi hii yote ni hicho. Sehemu kubwa ya siku zangu ilienda kwenye kutoa, kuosha, kukausha, kuchonga. Kulaza mati mpya kulichukua mchana mmoja. Na fundi wa bampa alifanya kinyume, alikuja kuweka.

Kuhusu vumbi la faiba, jamani. Vaa mikono mirefu, glovu, miwani, na maski ya maana sio kile kitambaa cha korona. Mi nilivaa fulana siku ya kwanza. Usiku sikulala, mwili mzima unawasha kama upupu, na mke wangu akanihamishia sebuleni na shuka langu. Ukipatwa, oga maji baridi. Siku ya pili nikajipaka poda ya mtoto mikononi na shingoni kabla ya kuanza, ikasaidia sana.

Sasa dukani. Resini nilinunua poliesta ile ya kawaida, mati ya gramu 450, hadena (dawa ya kuivisha resini), asetoni, na kopo dogo la jelikoti nyeupe. Kuna watu wataniambia epoksi inashika zaidi na ni kweli, epoksi inang'ang'ania faiba ya zamani kuliko poliesta, lakini mimi nilitaka nimalizie na jelikoti, na jelikoti ni poliesta, ukiipaka juu ya epoksi inaweza ikakataa kuiva vizuri. Ukitumia epoksi malizia na rangi tu. Kwa boti ya kazi tupu ya kuvua mi ningefanya hivyo kwakweli, samaki hawaangalii mng'ao. Lakini sisi tunabeba watu, na abiria akiona kiraka anaanza kuuliza maboya yako wapi.

Muulize muuzaji maswali mawili. Resini imekaa dukani muda gani, maana resini inazeeka na joto letu linaizeesha haraka zaidi, ikianza kua nzito kama asali iliyoganda iache hukohuko. Na la pili, imeshatiwa kobalti, ile dawa ya kuharakisha kuiva, au bado? Nyingi zimeshatiwa, ila kuna zinazouzwa bila, wanakupa kichupa pembeni. Kama ni hivyo, kobalti inaingia kwenye resini kwanza, unakoroga mpaka ichanganyike kabisa, ndo unatia hadena. Kobalti na hadena zisikutane zenyewe kwa zenyewe KAMWE, zinaweza kulipuka. Sio utani, sio inatoa moshi, ni mlipuko. Na hadena usichanganye na asetoni pia.

Na hadena yenyewe niliuziwa kwenye chupa ya maji ya kunywa ya nusu lita, haina lebo, nyeupe kama maji. Nikafika nyumbani nikaiweka mezani nikaenda kunawa, kurudi naona mwanangu wa miaka minne anaisogelea. Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Hii kitu ikiingia machoni inaweza kukupofua kabisa, na unatakiwa uoshe na maji palepale dakika 15 bila kusimama huku mtu anatafuta usafiri wa hospitali. Nikahamishia kwenye chupa ya plastiki yenye mfuniko mgumu, nikaandika HATARI kwa maka pen, nikaifungia juu kabatini mbali na moto.

Kipimo. Mafundi wengi wanamimina kwa jicho, na jicho la mtu aliyefanya miaka 20 lina haki yake, ila jicho langu halina. Nilinunua sirinji duka la dawa na nikachukua mizani ya jikoni. Hadena inatakiwa kati ya asilimia 1 na 2, na kwa joto letu kaa huku chini: gramu 100 za resini, mililita 1 ya hadena. Hapo unapata kama dakika 15 za kufanyia kazi, labda chini ya hapo jua likiwa kali. Usishuke chini ya asilimia 1 ukidhani unajiongezea muda, haitaiva kamili hata ukiisubiri mpaka idi. Na usichanganye nyingi kwa pamoja. Mimi nilikoroga kopo la karibu nusu kilo kwa tamaa, nikawa bado nakata mati, nasikia kopo linaanza kua la moto mkononi, kisha moshi, kisha likapasuka ufa katikati, gumu kama jiwe na brashi yangu ndani. Resini ikiwa nyingi sehemu moja inajipikia yenyewe. Makopo madogo madogo, na mwavuli, kivuli ni lazima.

Kulaza mati kwenyewe ni raha. Unakata vipande vitano, maana mati ya 450 kila tabaka inakupa kama milimita moja, cha kwanza kikubwa kinachofika mpaka ukingo wa mteremko, vinavyofuata vinapungua. Kuna wanaoanza na kidogo, ubishi wao hauishi, mi nilielewa hoja ya kuanza na kikubwa: ndo kipande kinachoshika faiba ya zamani eneo lote kwa pamoja. Unapaka resini kwenye boti kwanza, unalaza mati, unagonga kwa ncha ya brashi, unagonga sio unapaka, ukipaka unavuta nyuzi zinahama. Mati inabadilika kutoka nyeupe kua angavu kama karatasi ya maandazi iliyolowa mafuta, hapo ujue imekunywa. Sehemu yoyote iliyobaki nyeupe ni hewa, na hewa ni tundu la kesho. Uzito wa resini ni kama mara mbili mpaka mbili na nusu ya mati, zaidi ya hapo unatengeneza kioo kinachovunjika. Nilifanya tabaka tatu, nikaacha joto lipoe, nikamalizia mbili. Kwa ndani ya boti nikaongeza mbili nyingine kwa usalama wangu.

Ile mikwaruzo ya ubavuni ilikua kazi ndogo, ya juujuu nilisugua na msasa wa maji ikapotea, ya ndani nikaifungua kidogo nikaijaza jelikoti. Zile nyufa za buibui ndo zilinifundisha. Unazifungua kwa ncha ya chuma mpaka ziwe mfereji wenye umbo la V, ukizipaka tu kwa juu jelikoti inakaa kama daraja na ufa unarudi. Lakini zangu zilikua zinatoka pale kwenye kikuku cha kamba, na kufungua kwa chini nikakuta nati zimefungwa moja kwa moja kwenye faiba bila ubao wowote, kila kamba ikivutwa faiba inapinda. Ningeziba mara 10 zingerudi mara 10. Nikaweka kipande cha mbao ngumu kwa ndani, nikafunga upya na washa (pete za chuma) pana.

Haya, jelikoti. Nikachanganya kwa kipimo kilekile cha uangalifu, nikapaka mikono miwili, yaani tabaka mbili, imekaa juu kidogo kuliko ngozi ya pembeni ili nije niisugue isawazike, nikaenda nyumbani najisifu. Kilichofuata mnakijua.

Nilichofikiria ni hadena feki. Nikataka nirudi dukani nikagombane, kidogo nipige simu nimtukane mtu. Yule fundi wa matangi ndo aliniokoa, akaniambia futa na asetoni kwanza alafu ubonyeze kwa ukucha. Nikafuta. Ule unato ukaondoka wote kwenye kitambaa, na chini yake jelikoti ngumu kabisa, ukucha hauingii! Kumbe jelikoti ya kawaida haiivi juu ikiwa inaguswa na hewa, oksijeni inaizuia ile ngozi ya mwisho. Kwenye moldi haileti shida maana upande wake umelalia moldi na mgongo unafunikwa na mati, na ule mgongo kunata ndo vizuri maana tabaka linalofuata linashika. Lakini ukiipaka kwa nje kama rangi, unatakiwa kuifungia hewa. Kuna dawa ya nta unatia kwenye mkono wa mwisho, wa mwisho tu, ile nta inapanda juu inakua kifuniko chake. Au unafunika na nailoni. Kama ingekua laini mpaka chini, hapo sasa ningeilaumu hadena au kipimo, na ingebidi kukwangua yote.

Kwenye vidonda vidogo nikatumia ile nailoni ngumu inayolia kwarakwara wanayofungia maua na zawadi. Unajaza jelikoti, unailaza juu, unaisukuma hewa itoke pembeni kwa kadi ya simu ya zamani, unabana kingo kwa gundi ya karatasi. Kesho yake unabandua, imekauka na inang'aa tayari, nusu ya kazi ya msasa imeisha.

Rangi ndo sijaipatia mpaka leo. Nyeupe ya kopo na nyeupe ya boti iliyokaa juani miaka tisa ni ndugu ambao hawaongei. Ya zamani imekua ya manjano kwa mbali, na juu yake kuna unga unga wa jua, kwahiyo kwanza piga kompaundi (dawa ya kung'arisha) mahali ujue rangi yake ya kweli iko wapi, ndo uanze kulinganisha. Tone la manjano, chembe ya kahawia, na nyeusi unachovya ncha ya kijiti cha meno tu. Angalia mchana kivulini, sio chini ya taa, na pima rangi kabla ya kutia hadena, kuna jamaa alilinganisha akiwa ameshatia akamaliza rangi nzuri kabisa na kopo limeganda.

Alafu msasa. Namba 180 kushusha mabonde, mkono ukiwa na kibao sio vidole vitupu, maana vidole vinachimba. Kisha 320, 600, 800, 1200 na maji, kila namba inafuta mistari ya ile iliyotangulia, ukiruka moja utaiona ikishang'aa na hapo umechelewa. Mwisho kompaundi na nta. Mahali pamoja nilisugua kwa furaha nikatokea mpaka kwenye faiba, ikabidi nirudie jelikoti hapo, siku nzima imepotea.

Bamvua ilikuja nina siku moja mkononi. Maji yakapanda mpaka kwenye minazi, tukaisukuma, ikaelea. Nilikaa ndani yake nusu saa palepale imefungwa nimetazama chini tu, nimeshika tochi, napapasa kiraka kwa ndani na tishu kavu. Tishu ikabaki kavu. Tumeenda Mbudya na kurudi sijui mara ngapi sasa, kwa nje ukijua pa kuangalia unaona duara jeupe zaidi, la ukubwa wa sahani.

Wiki mbili baadaye yule mzee akaja na dumu lake la maji la lita 20, limepasuka pembeni, akaliweka mbele yangu. "Ile dawa yako ya jasho imebaki?" Nikamwambia imebaki mzee wangu lakini haishiki plastiki ya dumu, hata ungesugua vipi, itabanduka. Akaniangalia, akaangalia boti, akaangalia dumu. "Kwahiyo siku zote zile jua linakuwakia, ni ya boti tu?"

Jana nimempelekea dumu jipya. Lile bovu amelikata juu, anatolea ngama kwenye ngalawa.